Fundi Mabula Apima Njia ya Ngitili

Fundi Mabula alikuwa na kasoro moja ambayo mkewe Mariana hakuona aibu kuitaja mbele ya wageni: akishajua jambo, ni lazima kila mtu alijue. Mpelekee baiskeli yenye pancha, utaondoka pancha imezibwa vizuri, na juu yake umepewa maelezo marefu kuhusu upepo, mpira, na jinsi watu wa siku hizi wanavyopanda baiskeli kama magunia. Watu walimvumilia kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri. Kutoka kitongojini kwao hadi senta ya Didia hakukuwa na mtu wa kunyoosha rimu iliyopinda kama yeye, tena kwa macho tu, akiizungusha taratibu na kuisikiliza.

Alikuwa na mtoto mmoja, Vumilia, waliyempata baada ya miaka tisa ya ndoa, na ndiyo maana wakampa jina hilo. Binti huyo alirithi ulimi wa baba yake na akili ya mama yake. Alihesabu kila kitu kilichokaa mahali pamoja kwa muda: kuku, spoki, vifungo vya shati la mgeni. Alikuwa anakaribia miaka saba, na hakuwa shuleni.

Sababu ilikuwa umbali. Shule waliyopangiwa watoto wa kitongoji kile ilikuwa kilomita saba, ng'ambo ya mto wa mchanga ambao kiangazi mbuzi hulala katikati yake, na masika hubeba miti mizima. Januari iliyotangulia Vumilia alianza darasa la awali, akaenda siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu mvua ilinyesha huko juu, mto ukajaa wakati watoto wako darasani, na wakarudi kesho yake mchana baada ya kulala kwa watu wasiowajua. Mariana alipomwona mwanawe akitokea, akiwa na kiatu kimoja, alimkumbatia, kisha akasema haendi tena mpaka awe na miguu mirefu. Mabula hakubisha. Aliumia tu, maana yeye mwenyewe aliishia darasa la nne kwa umbali ule ule, na alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatakatishwa na kilomita.

Kwa hiyo unaweza kufikiria furaha iliyoingia nyumbani mle iliposikika kwamba shule mpya ya Mwashindi itafunguliwa Januari. Mwalimu mkuu wake, Bernadina, mwanamke mwembamba aliyetokea Ushirombo, aliitisha mkutano mwezi wa kumi na kusema mambo wazi. Nafasi za darasa la kwanza ni tisini, watoto ni wengi. Kamati ya shule imeamua: mtoto awe ametimiza umri, awe na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na nyumbani kwao kusizidi kilomita tatu kwa njia atakayoipita kwa miguu yake. Wanaozidi hapo watasubiri nafasi zikibaki.

Kila mtu alijua kwamba nafasi hazitabaki.

Kwa barabara, kutoka kwa Mabula hadi Mwashindi ni kilomita nne na nusu. Lakini barabara ile inazunguka ngitili ya mzee Maganga, na ngitili yenyewe ni kubwa. Ni eneo la nyasi ambalo mwenyewe hulifunga mvua zinapoanza, asiingie hata ndama, ili kiangazi malisho yakiisha kwingine ng'ombe wake wapate cha kula. Mwezi ule wa kumi ilikuwa wazi. Ng'ombe walikuwa ndani, wachungaji walipita, wanawake walikatiza na ndoo zao, na katikati palikuwa na njia nyeupe iliyonyooka kuelekea shuleni. Swali lilikuwa ni umbali gani.

Mabula akalijibu kwa baiskeli. Alipima mzunguko wa gurudumu lake la mbele kwa utepe wa fundi cherehani, akapata mita mbili na sentimita ishirini. Akafunga kitambaa chekundu kwenye spoki moja, akampandisha Vumilia kwenye keria, akamwambia ahesabu kila kitambaa kinapofika juu. Ikifika mia, mtoto alitoa punje moja ya mahindi mfuko wa kulia na kuiweka wa kushoto. Walikwenda mwendo wa pole, baba akisukuma, binti akiinama ubavuni kutazama gurudumu na kuhesabu kwa sauti iliyofanya wachungaji wageuke. Mara mbili walirudi kuanza upya kwa sababu Mabula alimsemesha. Mara ya tatu Vumilia alimwambia, "Baba, ukiongea tena nashuka," na baba mtu akanyamaza mpaka mlango wa shule.

Zilikuwa punje kumi na moja, na themanini na mbili juu yake. Kilomita mbili na mita mia sita.

Habari ilienea jioni ile ile. Wazazi wengine kumi wa kitongoji wakamwomba awapimie na wao, na wote walipatikana ndani ya kilomita tatu. Mabula alilipwa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kikapu kizima na jogoo mmoja, akaitwa mpimaji, na hakumkatalia yeyote maelezo. Mwalimu Bernadina aliyaandika majina kumi na moja kwenye daftari lake, akasema atakuja kuipita mwenyewe kila njia kabla ya kubandika orodha.

Novemba mvua zikaja, nzuri kweli. Asubuhi moja mzee Maganga alisimama kibandani kwa Mabula, mnyororo umeruka, na nyuma ya baiskeli amefunga mzigo mkubwa wa matawi ya miiba.

"Mwangaluka, baba," Mabula alimwamkia.

"Mwangaluka, fundi. Mhola?"

"Mhola tu. Naona kazi imeanza."

"Imeanza. Nafunga leo."

Mabula akarudisha mnyororo, akaupaka grisi, akakaza kamba ya mzigo wa miiba usije ukaanguka njiani, akamtakia kazi njema. Ngitili hufungwa mvua zikinyesha. Ndivyo alivyoona tangu azaliwe, na jambo la namna hiyo mtu halifikirii, kama asivyofikiri kwamba anapumua. Alirudi kwenye pancha yake akipiga mluzi.

Wiki ya kwanza ya Desemba Mwalimu Bernadina alifika. Alifika amechelewa, gauni limelowa mpaka magotini, viatu mkononi, miiba miwili imemkwaruza mkononi. Mariana alimpa maji ya kunawa na kiti. Mwalimu alinawa bila haraka, kisha akamgeukia Mabula.

"Baba Vumilia, shule inafunguliwa mwezi gani?"

"Januari, Mwalimu."

"Na Januari hiyo, hii njia yako inapita wapi?"

Mabula aligeuka. Alitazama upande wa ngitili, akaona kwa mbali nyasi zimeinuka kijani na uzio wa miiba umekaza pande zote, na ndani ya kichwa chake akajiona akiufunga vizuri kwa kamba ule mzigo. Alikuwa amepima njia ya kiangazi kwa ajili ya watoto wa masika. Watoto kumi na mmoja, na wa kwanza wao wake.

"Nimezunguka barabarani," Mwalimu alisema. "Huko ni zaidi ya kilomita nne. Sitaki kuyafuta hayo majina, lakini siwezi kuandika njia ambayo mimi mwenyewe nimeshindwa kuipita. Orodha naibandika Ijumaa ya wiki ijayo." Akaongeza kwa upole, "Mtoto anahesabu vizuri sana, yule. Nilimsikia nikiwa ofisini siku ile mlipokuja."

Alipoondoka, Mabula alikaa juu ya tairi bovu. Vumilia alikuwa amejificha nyuma ya mlango na alikuwa amesikia yote. Hakulia. Alitoka, akamwuliza baba yake kama akisubiri mwaka mmoja atakuwa na miaka minane, na kama kuna watoto wa miaka minane darasa la kwanza. Hilo lilimchoma Mabula kuliko neno lolote la Mwalimu.

Mariana yeye alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho, kwa sababu kulia alishalia mwaka mzima. "Mume wangu umemkazia Maganga mzigo wa miiba," alisema, "ya kumfungia mwanao." Kisha akaacha kucheka. "Nenda kwake. Na ukifika, Baba Vumi, nakuomba usimweleze kitu. Mwombe."

Mzee Maganga hakuwa mtu mbaya, na hapa ni lazima nimtetee. Miaka mitatu nyuma mtu fulani alikuwa ameomba kupita ngitilini na baiskeli yake tu. Nyuma ya baiskeli akaja mbuzi mmoja, nyuma ya mbuzi wakaja ng'ombe arobaini wa watu, na kiangazi kilipofika nyasi zilikuwa zimekwisha. Maganga alipoteza ng'ombe tisa kwa njaa. Tangu hapo alikuwa akikagua uzio asubuhi na jioni, na aliujua kila mwiba wake.

Mabula alimkuta akikamua. Alimwamkia, akangoja amalize, akasema, "Baba, watoto kumi na mmoja hawana njia ya kwenda shule. Naomba wapite kwako."

"Yaya," alisema Maganga. Hapana. Akaeleza habari ya ng'ombe tisa, mmoja mmoja, rangi na pembe zao.

Mabula alikuwa na majibu sita. Yalimjaa kinywani mpaka mashavu yakamuuma. Alikumbuka uso wa Mariana, akayameza. Alikaa kimya, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Maganga alimtazama, akatazama ndoo, akamtazama tena.

"Fundi, unaumwa?"

"Siumwi, baba."

"Mbona husemi?"

"Nimeshasema. Nimeomba."

Mzee alihema. Aliizoea mizozo, alikuwa amejiandaa kushindana na maneno, na maneno hayakuja. Alisukuma maziwa pembeni, akafikiri. "Njia ya mguu wa mtoto hainitishi," alisema hatimaye. "Kinachonitisha ni kinachofuata nyuma yake. Nitengenezee mlango ambao mtoto anapita na ndama hapiti. Ukiweza, wapite. Ukishindwa, usirudi hapa na hiyo kofia."

Mabula alirudi nyumbani karibu anakimbia. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na fremu za baiskeli zilizokufa za miaka kumi na mitano, ambazo Mariana alikuwa akimwomba azitupe kila Pasaka. Alichagua sita, akazipeleka Didia kwa Masudi, fundi wa kuchomelea, na Jumamosi walikuwa na mlango wa kona mbili, mwembamba, ambao mtu mzima aliupita akijipindapinda. Kitongoji kizima kilikuja kuushuhudia. Wakaleta ndama wa Maganga. Ndama alifika kwenye kona ya kwanza, akakwama, akarudi kinyumenyume akilalamika, na watu wakapiga vigelegele.

Kisha mbuzi wa Mariana, aliyekuja kwa hiari yake, akapita kona ya kwanza, akapita kona ya pili, akaingia ngitilini akaanza kula.

"Huyu mwandikisheni," alisema Maganga. "Amefaulu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mabula naye alicheka, lakini huku akihesabu siku, maana zilizobaki zilikuwa sita. Usiku ule hakula. Alikaa na taa akizungusha gurudumu bovu kwenye ekseli yake, akiwaza kwamba mbuzi hupita popote penye uwazi, na hivyo dawa ni mlango usio na uwazi wowote mpaka mtu ausukume. Na mbuzi, Mabula aliamini, hana subira ya kusukuma. Vumilia, aliyetakiwa awe amelala, alinyoosha kidole akaisukuma spoki moja. Ikazunguka, nyingine ikaja mahali pake.

"Baba, hii haina mwanya," alisema.

Mabula alimbeba juu na kumzungusha mpaka Mariana akawagombeza wote wawili.

Mlango uliotengenezwa kwa Masudi Jumatatu na Jumanne ulikuwa hivi: nguzo ya chuma iliyosimikwa ardhini, juu na chini yake habu mbili za gurudumu zilizojaa gololi mpya na grisi, na kwenye habu hizo mabawa manne ya mabomba ya fremu, kila bawa na fito tano kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi kifuani. Ukisukuma bawa, linakupisha, na lingine linafunga nyuma yako. Kwa kuwa Mabula alitia grisi kama mtu anayepaka mkate, kidole cha mtoto kilitosha kuuzungusha. Walitengeneza miwili, wakaweka mmoja kila upande wa ngitili.

Jumatano wakaujaribu. Ndama aliulamba, akaondoka. Mbuzi wa Mariana alitumbukiza kichwa, chuma kikazunguka, bawa la nyuma likampiga matakoni, akaruka na kukimbia hadi nyumbani bila kugeuka. Maganga akasogea. Aliusukuma mlango akapita kwenda, akaupita kurudi, akapita tena. Alipita mara nne, na mara ya nne alikuwa hajaribu chochote, alikuwa anacheza tu, mzee wa miaka sabini na mbili.

"Haya," alisema. "Lakini ukingo wa njia nauweka mimi."

Alhamisi wazazi wa watoto wote kumi na mmoja walitoka na majembe. Maganga alipiga hatua mbili za upana na kuzitia alama kwa kamba, kutoka mlango hadi mlango, na wao wakachomeka vipande vya minyaa kulia na kushoto katika udongo laini wa mvua, ambapo minyaa hushika bila kubembelezwa. Walifanya kazi kwa nyimbo za kulima. Mtu mmoja alianza kwa Kisukuma wimbo wa kumsifu mlinzi wa nyasi, akaweka jina la Maganga ndani yake, na mzee akajifanya hajasikia, ila jembe lake likaanza kufuata mdundo. Mchana Mariana alileta ugali na mlenda, na kila mtu alikula akiwa na matope mpaka viwiko. Mabula alitaka kuwaeleza namna gololi zinavyofanya kazi. Wakamwacha aeleze. Siku hiyo hata Mariana alimwacha.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Bernadina alikuja akitokea shuleni, peke yake, viatu miguuni. Alifika kwenye mlango wa kwanza, akausukuma kwa mashaka, ukampisha. Akatembea kati ya mistari miwili ya minyaa michanga, akafika wa pili, ukampisha nao. Watu walikuwa wamesimama upande wa pili. Alifungua daftari, akaangalia saa yake, akaandika.

"Dakika thelathini na tano," alisema, "na miguu yangu mikavu. Watoto kumi na mmoja."

Sitajaribu kueleza kelele zilizofuata. Mariana alimshika Mwalimu mikono yote miwili akamshukuru, wabeja, wabeja sana, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mabula akawa anauzungusha mlango wake tu, bila kumpitisha mtu.

Januari shule ilifunguliwa. Mabula aliamka mapema, akafuta baiskeli yake ikang'aa, akamweka Vumilia kwenye keria akiwa na sare mpya iliyomzidi kidogo. Alikuwa amepanga kumpeleka hadi mlango wa darasa, labda na kumsalimia Mwalimu, labda na kusema maneno mawili kwa wazazi wengine kuhusu vipimo. Walipofika ngitilini aligundua kwamba mlango alioujenga unapitisha mtoto, mzee na mwalimu, lakini baiskeli hauipitishi. Alijaribu kuisimamisha kwa gurudumu moja. Alijaribu kuipitisha juu. Maganga, aliyekuwa akikagua uzio wake, alimtazama kwa raha kubwa.

"Fundi, masharti ni masharti," alisema.

Watoto wengine kumi walikuwa wameshapita na wanamwita mwenzao. Vumilia alishuka kwenye keria, akajinyoosha sketi, akasukuma bawa la chuma kwa kiganja. Likampisha. Alikwenda kati ya minyaa bila kugeuka nyuma, akihesabu jambo ambalo Mabula hakulisikia vizuri kwa mbali. Baba mtu alisimama pale akiwa na baiskeli yake safi mpaka wakapotelea kwenye majani, na machozi yakamtoka mbele ya Maganga, na hakuona haya.

Siku ile hakuziba pancha hata moja ya maana. Saa nane na nusu alikuwa tayari amesimama barazani. Vumilia alirudi na vumbi usoni, viatu vyote viwili miguuni, ana njaa ya simba. Mabula alimkalisha kwenye benchi la wateja na kumwuliza walifundishwa nini.

"Hatujafundishwa," alisema Vumilia, akitafuna kiporo cha muhogo. "Mwalimu alituuliza majina. Halafu akasema wanaokaa mbali wanyooshe mkono, waruhusiwe mapema mvua ikija."

"Wewe ukanyoosha?"

Vumilia alimtazama baba yake kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Hapana," alisema. "Mimi sikai mbali."

Mabula alimwomba aseme tena, kwa sauti, maana mama yake alikuwa jikoni na hakusikia.